Gungu na Pingu: Sauti, Taswira na Shujaa Asiyetulia, kutoka Chillon hadi Bunkeya

Katika siku za mwisho za Juni 1816 washairi wawili wa Kiingereza, Byron na Shelley, walikuwa wakilizunguka ziwa la Geneva kwa mashua. Walifika katika ngome ya Chillon, wakashuka gerezani, wakaonyeshwa mahali alipofungwa François Bonivard, aliyekuwa mahabusu wa ngome ile kati ya mwaka 1530 na 1536. Byron aliihama Uingereza miezi miwili tu kabla ya siku hiyo, akifukuzwa na madeni, kashfa na ndoa iliyovunjika. Hakurudi tena hadi alipofariki nchini Ugiriki mwaka 1824. Utungo alioutoa juu ya mfungwa wa Chillon ulichapishwa mwaka ule ule wa 1816. Ndani yake mfungwa anasema mwenyewe. Ndugu zake wawili wamefungwa katika nguzo za jirani. Wanasikilizana lakini hawawezi kugusana. Wanakufa mmoja baada ya mwingine, naye anabaki na mwangwi wa sauti yake, mawimbi ya ziwa nyuma ya ukuta, na ndege mmoja anayekuja kuimba dirishani kisha akaruka. Mwisho watu wanakuja kumfungua. Miaka imepita mno: yeye na mnyororo wake wamekwisha kuwa marafiki, na uhuru wake anaupokea kwa kuvuta pumzi ya masikitiko.

Pwani ya Afrika ya Mashariki inamjua mfungwa mwingine. Naye amefungwa pingu na minyororo, naye ni mtu wa ukoo bora aliyeonewa, naye pia anasema kwa utungo akiwa gerezani. Huyo ni Fumo Liyongo wa Shaka, mfungwa wa Sultani wa Pate. Tena kuna jambo dogo la fani ambalo halina budi kumfurahisha kila ahesabuye mizani: mishororo mingi ya utungo wa Byron ina silabi nane, na kipande cha utendi wa Kiswahili kina mizani nane. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Hata hivyo, kipimo kimoja cha pumzi kimebeba wafungwa wawili, na kila mmoja kimemfikisha pengine.

Jambo hili lina uzito wake Lubumbashi. Msomaji wa mji huu aliyepita shule ya sekondari kwa kawaida amekutana na Lamartine na Hugo kabla hajakutana na Liyongo, na anapokutana naye hatimaye huwa amekwisha kuwa na kipimo mkononi. Amefundishwa kwamba shujaa mpweke, mgeni kati ya watu wake, asiyetulia mahali, ni zao la Ulaya ya mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19. Hivyo Liyongo huonekana kama nakala njema: huitwa Byron wa Waswahili, anasifiwa, kisha jambo limekwisha. Sifa ya namna hiyo ni umaskini. Inampokonya Liyongo kile hasa ambacho Byron hakuwa nacho, nacho hakimo katika maudhui bali katika sauti.

Kwanza ni haki kuwapa wenyewe haki yao. Mkondo ambao wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuuita ulimbwende ulileta mageuzi ya kweli katika ushairi wa Ulaya. (Jina lenyewe lina matata: katika mazungumzo ya kila siku mlimbwende ni mtu anayejipamba ili atazamwe, na hakuna asiyetazamwa kuliko mfungwa wa Chillon. Ingawa hivyo, Byron mwenyewe alijua sana kutazamwa.) Katika utangulizi wa mwaka 1800, Wordsworth alidai kwamba ushairi uchukue lugha wanayoisema watu hasa, si lugha ya mapambo ya mabwana. Byron naye alimpa shujaa sura mpya. Katika safari za Childe Harold zilizoanza kuchapishwa mwaka 1812, na katika hadithi ya haramia ya mwaka 1814, ambayo husimuliwa kuwa iliuza nakala 10,000 siku ya kwanza, shujaa ni mtu wa nasaba, mwenye kosa au jeraha asilolitaja, anayewadharau watu anaowaacha bila kuwa na mahali pa kwenda. Safari yake haina mwisho kwa sababu anachokikimbia amekibeba mwenyewe.

Shujaa wa aina hiyo anahitaji sauti ya aina yake. Ndiyo maana chombo walichokipenda washairi wale kilikuwa kinubi cha upepo, sanduku lenye nyuzi liwekwalo dirishani: upepo ukipita, linalia lenyewe. Coleridge alikitungia shairi mwaka 1795. Shelley, katika shairi lake kwa upepo wa magharibi la mwaka 1819, anauomba upepo umfanye yeye mwenyewe kuwa kinubi. Taswira hiyo ni nzuri, na inafichua mengi. Chombo kile hakina mpigaji, na wala hakingoji mtu wa kuitikia. Sauti inatoka katika maumbile, inapita katika nafsi ya mshairi, kisha inakwenda zake. Wanadamu wengine wakisikia, vema. Wasiposikia, kinubi hakipungukiwi kitu.

Liyongo, naye, hawezi kuimba namna hiyo, na asingeokoka kama angeimba hivyo. Kabla ya kuuonyesha ukweli huo, yafaa kukumbuka matini yenyewe yametoka wapi, maana mara nyingi utendi husomwa kana kwamba ulianguka kutoka mbinguni.

Juu ya wakati wa Liyongo wataalamu wanatofautiana kwa karne kadhaa: wengine humweka kabla ya karne ya 14, wengine katika karne ya 16 au ya 17. Kaburi lake huonyeshwa karibu na Kipini, palipo mdomo wa mto Tana. Hadithi yake iliingia katika chapa mwaka 1870, Edward Steere alipotoa London kitabu cha hadithi alizozikusanya Unguja. Humo aliweka pia ile takhmisi maarufu ambamo majigambo yanayonasibishwa na Liyongo yamezidishiwa mishororo, kazi ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtungaji wa Al-Inkishafi. Utendi wenyewe, ule usomwao mashuleni, ni wa mwaka 1913, nao ulitungwa na Muhammad bin Abubakar Kijuma wa Lamu. Mulokozi aliutoa tena mwaka 1999 pamoja na tendi nyingine mbili za kale, na mwaka 2004 nyimbo zinazonasibishwa na Liyongo zilikusanywa na kuhaririwa na jopo ambalo Gudrun Miehe na Abdilatif Abdalla walikuwa miongoni mwake.

Kwa hiyo utendi huu, kama matini, umezaliwa karibu karne moja baada ya Byron. Swali la nani alitangulia halina faida. Lenye faida ni kujua kwamba aliyeupa sura alikuwa Kijuma: mchonga milango, mwandishi wa hati nzuri na, zaidi ya yote, mpiga ala na mjuzi wa ngoma za Lamu. Mtu wa namna hiyo anapohadithia shujaa aliyeokolewa na ngoma, anahadithia jambo la ufundi wake. Wahakiki wengi wamepita hapo haraka wakikimbilia maadili ya usaliti na utii wa mtoto kwa baba.

Tuyatazame basi mambo ya gerezani. Liyongo amekamatwa kwa hila, amefungwa pingu na silisili, na walinzi wako mlangoni. Mama yake humpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi, Saada. Walinzi wamezoea kula vilivyo vizuri na kumwachia mfungwa makombo. Liyongo anatunga wimbo na kumwagiza Saada aufikishe kwa mama: auoke mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Ujumbe unapita mbele ya masikio ya walinzi kwa sababu ni wimbo, na wimbo wa mfungwa ni jambo la kawaida. Mkate nao unapita mbele ya macho yao kwa sababu ni chakula cha watumwa, nao hawakitaki. Hapa sanaa ya Kijuma ni ya hali ya juu na haijitangazi: mtoto wa mfalme anaokolewa na vitu viwili ambavyo wenye nguvu hawavithamini, wimbo na wishwa, na vyote viwili vimechukuliwa na mtu ambaye sheria ya mji ilimhesabu kuwa mali. Ni haki pia kusema kwamba utendi haumlipi Saada. Kazi yake ikiisha, masimulizi yanamwacha.

Tupa imefika, lakini tupa ina kasoro moja: inalia. Chuma kikikwaruza chuma usiku, mlinzi atasikia. Liyongo, aliyekwisha kujua kwamba anangoja kuuawa, anaomba jambo la mwisho, nalo ni gungu. Gungu ni ngoma ya heshima, ngoma ya arusi na ya watu wa mji. Kumnyima mtu anayekwenda kufa kungekuwa ukosefu wa adabu. Watu wanakusanyika na pembe, na matoazi, na vyombo vingine vya mlio. Mfungwa yuko ndani, anatoa wimbo. Walio nje wanaupokea na kuuitikia. Kadiri kiitikio kinavyopanda, ndivyo tupa inavyofanya kazi. Wanapoimba kwa nguvu zaidi, anakereza kwa nguvu zaidi. Pingu zinakatika ndani ya mahadhi. Anapotoka, umati ule ule uliomwitikia unatawanyika kwa hofu.

Hakuna katika mkusanyo wote wa washairi wa ulimbwende mandhari inayolingana na hii kwa jinsi inavyofikiri juu ya sauti. Katika utungo wa Chillon, mlio wa mnyororo ni alama ya utumwa, mwangwi ni alama ya upweke, ndege ni alama ya faraja ipitayo. Kila sauti inasimama badala ya kitu kingine. Katika utendi wa Liyongo sauti haisimami badala ya kitu, inafanya kazi. Gungu haliwakilishi uhuru, linaufunika mlio wa tupa mpaka uhuru upatikane. Na haliwezi kupigwa na mtu mmoja. Shujaa huyu mwenye nguvu za kutisha, ambaye mkoba wake, kwa masimulizi, ulibeba kinu na mchi na mawe ya kusagia na vyungu na mafiga, hawezi kuzikata pingu zake bila watu waitikiao, watu ambao wengi wao hawajui kwamba wanamsaidia.

Hapo ndipo mafundisho ya fani na maudhui, kama yalivyozoeleka katika madarasa yetu tangu miaka ya 1970, yanapoleta hasara. Mwanafunzi huulizwa kwanza vina na mizani, kisha ujumbe, kana kwamba vina ni kapu na ujumbe ni mboga. Katika ubeti wa utendi vipande vitatu vya kwanza vinakubaliana kwa kina chao, na cha nne kinarudi katika kina kimoja kinachodumu toka mwanzo hadi mwisho. Msikilizaji anakijua kina hicho kabla hakijafika, anakingoja, mara nyingi mdomo wake umekwisha kukitamka. Kila ubeti basi una nafasi ya mwitikiaji ndani yake. Utendi unaosimulia jinsi umati ulivyomwitikia mfungwa unasomwa mbele ya umati unaomwitikia msomaji. Je, mwanafunzi aliyejibu kwamba utendi una beti za vipande vinne na mizani nane ameambiwa hayo?

Taswira za utendi nazo hazina budi kusomwa kwa jicho hilo. Kabla ya kukamatwa, Liyongo alikuwa amekimbilia bara, akaishi mwituni pamoja na Wasanye na Wadahalo, watu wa uwindaji. Mwitu wa washairi wa Ulaya ni mahali pa kuwa peke yako: mlima, maporomoko ya maji, barafu. Byron anampeleka Manfred, katika tamthilia yake ya mwaka 1817, juu ya milima ya Alpi ili azungumze na pepo kwa sababu hana haja na wanadamu. Mwitu wa Liyongo umejaa watu, nao wana kazi zao, njaa zao na bei zao. Sultani aliwaahidi reale mia wakileta kichwa chake. Wakapanga kula makoma kwa zamu: kila mmoja apande mkoma mara moja awaangushie wenziwe, na zamu ya Liyongo itakapofika, wampige mishale akiwa juu. Zamu ikafika. Liyongo akauchagua mkoma mrefu kuliko yote, akasimama chini yake, akachukua uta, akayaangusha makoma kwa mishale. Wale waliokusudia kumwua wakala matunda yake.

Taswira hii haina fumbo zito, nayo ni kamili: hatari na mlo vinatoka mahali pamoja. Uta huo ndio utakaorudi kisimani mwisho wa utendi. Miongoni mwa nyimbo zinazonasibishwa na Liyongo umo utumbuizo wa kuusifu uta, na si bure. Mgeni kati ya wageni hana ngome wala jeshi, ana chombo kimoja anachokijua vizuri. Kwa Liyongo, uta na wimbo ni vyombo vya mkono mmoja.

Asiyetulia huyu ana sababu gani ya kutotulia? Byron angempa kosa la siri. Kijuma anampa jambo la wazi: Sultani anaogopa kwamba atauchukua ufalme. Liyongo hakujitenga na watu kwa kuwachoka, alitengwa. Kila mara anapoitwa mjini anakwenda, hata anapojua kwamba kuna hila, kwa sababu anaitwa kwa ngoma, na mtu wa gungu haitwi gungu akakataa. Udhaifu wake ni kuwapenda watu. Hii ni tofauti ya msingi, na inalifanya neno mgeni liwe na maana mbili katika Kiswahili: mtu asiye wa hapa, na mtu anayestahili kupokewa. Shujaa wa Byron ni mgeni kwa maana ya kwanza tu.

Na mauti yake yanapita mlango huo huo. Aliyemwua ni mwanawe, mtoto aliyezaliwa na mke wa Kigala. Sultani alimdanganya kwa ahadi za cheo na ndoa. Mtoto akamwuliza baba ni kitu gani kinachoweza kumwua. Baba alijua kwa nini anaulizwa, na bado akamwambia: sindano ya shaba, ikichomwa kitovuni. Silaha zote za chuma zimeshindwa, mishale imeshindwa, sindano ndogo ya shaba inatosha, mradi ipite mahali alipounganishwa na mama yake. Waswahili husema mtu ni wa pale kilipozikwa kitovu chake. Shujaa aliyefukuzwa kila mahali anafia mahali pa nasaba. Ugeni wake wote haukuweza kumtoa huko.

Lubumbashi haiwezi kulisikia neno shaba kama linavyosikiwa Lamu. Hapa ni jina la madini yaliyoujenga mji, na kati ya mwaka 1971 na 1997 lilikuwa jina la jimbo zima. Shirika la Union Minière du Haut-Katanga liliundwa mwaka 1906, reli kutoka kusini ikafika Elisabethville mwaka 1910, na shaba ya kwanza ikayeyushwa mwaka 1911. Wafanyakazi waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Angola, Ruanda-Urundi. Watu hao hawakuwa na kitovu kimoja. Kiswahili kilichoenea katika kambi zao kilikuwa, tangu mwanzo, lugha ya watu walio mbali na kwao, nacho hakikuja na tendi za Lamu. Hakuna haja ya kubuni daraja kati ya Kijuma na kambi za wachimbaji, halikuwapo. Lakini swali la shujaa mgeni na sauti yake lilizuka tena hapa kwa sababu zake lenyewe, na jawabu lake linafaa kuwekwa kando ya gungu.

Mwenda wa Bayeke, aliyejulikana zaidi kwa jina la Jean-Bosco Mwenda, alizaliwa mwaka 1930 katika nchi ya Wayeke. Mji wao mkuu, Bunkeya, ulikuwa wenyewe mji wa wageni: Msiri aliyeujenga alitoka Unyamwezi katika karne ya 19 akifuata biashara ya shaba na pembe, akajifanya mfalme kati ya watu wasiokuwa wake, na akauawa tarehe 20 Desemba 1891 na ofisa wa msafara wa Stairs. Jina Mwenda ni la Kiyeke na ni jina la enzi. Sikio la Kiswahili haliwezi kujizuia kusikia humo mtu anayekwenda. Naye alikwenda. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, mji uitwao leo Likasi, na wimbo wa "Masanga" ukamtangaza mbali. Miaka ya mwisho ya utawala wa kikoloni ilimkuta Nairobi, kama ilivyomkuta Edouard Masengo, na vijana wa Kenya wakajifunza gitaa kwa kuziigiza sahani zao. Mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport, Marekani.

Nyimbo hizo zilidharauliwa kwa muda mrefu na walimu wa Kiswahili, kwa kuwa lugha yake ni Kiswahili cha Katanga, chenye maneno ya Kibemba, Kiluba na Kifaransa, na kwa kuwa hazina mizani ya kuhesabika. Dharau hiyo haikuwa ya haki. Ukitafuta mizani katika maneno, utaikosa. Iko katika vidole. David Rycroft, aliyeuchambua upigaji wa Mwenda mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika jarida la African Music, alizifuata sauti zake kidole kwa kidole. Kazi hiyo hufanywa na vidole viwili: gumba linashika nyuzi nene na kwenda mwendo wake, shahada inatembea juu katika nyuzi nyembamba. Mara shahada inauliza na gumba linajibu. Mara vinapishana, mmoja akaingia kabla mwenzake hajamaliza. Mwenzake mwimbaji, kama yupo, anagonga chupa tupu. Ndiyo ngoma nzima.

Katika ngoma za vijijini mwimbishaji ana kundi nyuma yake. Kijana aliyefika kambini peke yake, katika chumba alichopangiwa na kampuni, jirani zake wakiwa watu wa lugha nne au tano, hana kundi linaloujua wimbo wa kwao. Mtindo wa Katanga ulipata jibu la shida hiyo: waitikiaji walihamia kwenye gumba la mwimbaji mwenyewe. Gitaa likawa chombo cha mgeni asiyekubali kuwa kinubi cha upepo. Anaimba peke yake, lakini muundo wa sauti unakataa upweke. Kila mshororo una mtu wa kuupokea, ingawa mtu huyo ni kidole.

Na maneno yake? Yanazungumza juu ya njia, rafiki, pombe, mwanamke aliyeondoka, fedha zilizokwisha, mawaidha ya mkubwa kwa mdogo. Hakuna pepo wa milimani wala kosa lisilotajika. Kama Liyongo, mtu wa nyimbo hizi ni mgeni kwa sababu zinazojulikana na kila mtu wa mtaa: mshahara, mkataba, ndoa, msiba wa mbali. Taswira zake ni za karibu, na ubaya wa kuzitafsiri ni kwamba zinageuka kuwa habari tupu, kwa kuwa nusu ya maana imebaki katika nyuzi.

Utendi wa Kijuma una wimbo mmoja tu usioitikiwa. Baada ya kuchomwa, Liyongo aliamka, akachukua uta, akaenda kisimani, akapiga goti, akatega mshale, akafa hivyo hivyo. Watu wa mji wakamwona kwa mbali na kudhani yu hai na amekasirika. Hakuna aliyethubutu kuteka maji. Wakamwendea mama yake, naye akaja kumwimbia mwanawe ili hasira imtoke. Aliimba, akarudi, akaimba tena. Jibu halikuja, mpaka maiti ikaanguka yenyewe na sindano ikaonekana.

Mwenda alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia, akiwa safarini. "Masanga" imebaki kwa sura mbili: moja ina maneno, nayo jina lake limeongezwa neno njia; nyingine ni gitaa tupu, hakuna aimbaye, na gumba bado linaijibu shahada.